Mfranjipani, Mti Usioogopa Kiangazi

Mwezi wa Julai huku Katanga udongo umekauka, nyasi zimeungua, na upepo wa asubuhi unauma. Pita wakati huo mbele ya nyua za misioni, za shule na za watu wa mji. Hapa na pale utaona mti mdogo usio na jani hata moja. Matawi yake ni manene na butu kama vidole vya mzee aliyefanya kazi nyingi, na rangi yake ni ya majivu. Mgeni akiuona atasema: "Huo umekufa, leteni shoka." Basi, asifanye haraka. Joto likirudi, vichwa vya matawi vinaanza kuvimba. Kisha yanatokea maua, meupe yenye moyo wa manjano, au mekundu, au ya rangi ya waridi, na jioni harufu yake inajaza lupango lote.

Wafaransa na Wabeleji wanauita frangipanier. Sisi katika makala hii tutauita mfranjipani. Wengi wetu tumeuzoea tangu utoto, hata tunadhani ni mti wa hapa petu. Wengine wanadhani kwamba kwao ni Ulaya, kwa sababu wameuona katika bustani za Wazungu. Yote mawili si kweli. Katika sehemu kubwa ya Ulaya mti huu hauwezi kukaa nje, maana baridi ya kugandisha maji inauua. Kwao ni mbali zaidi, na safari yake imepita katika mikono mingi. Baadhi ya watu hao majina yao yameandikwa katika vitabu. Walio wengi hawakuandikwa. Hayo ndiyo tunayotaka kuwaeleza, wasomaji wapenzi, na mwisho tutasema namna ya kuupanda, maana habari za mti zisizofika kwenye jembe ni nusu ya habari.

Mti wenyewe ni wa namna gani?

Kwanza tuutazame. Mfranjipani haukui sana: kwa kawaida ni mita 3 mpaka 8. Ndani ya matawi yake mna nyama laini inayoshika maji, na maziwa meupe yanayotiririka ukiukata. Wakati wa mvua mti unaweka akiba. Kiangazi kikija unaangusha majani, kwa kuwa majani ndiyo yanayopoteza maji mengi; kisha unakaa kimya na kuishi kwa akiba yake. Hufanya kama mama mwenye busara ajazaye ghala wakati wa mavuno, akapunguza chakula cha sufuria wakati wa njaa. Kwa hiyo mti ulio uchi mwezi wa Julai si mgonjwa. Unapumzika.

Tazameni pia jinsi unavyotoa matawi. Ua la mfranjipani hutokea mwishoni mwa tawi tu. Tawi likiisha kuchanua haliendelei mbele kwa njia ileile, bali linagawanyika mara mbili au tatu. Hivi kila njia panda ya matawi ni ukumbusho wa maua yaliyopita. Anayejua kutazama anaweza kuusoma mti mzee kama kitabu: hapa ulichanua, na hapa tena, na hapa tena.

Ua lake nalo lina siri. Harufu yake huzidi usiku, na kwa harufu hiyo linawaita nondo wakubwa. Nondo anakuja akitafuta asali, lakini ndani ya ua hakuna asali hata tone moja. Anajaribu hili, anajaribu lile, na kwa kuhangaika hivyo anachukua chavua ya ua moja na kuipeleka kwa jingine. Hata hivyo katika bustani zetu ni mara chache mti huu kuzaa. Ukizaa, utaona maganda mawili marefu yameungana kama pembe, na ndani mna mbegu nyingi zenye bawa.

Maziwa yale meupe yanatuonyesha jamaa zake. Mfranjipani ni wa ukoo mmoja na ile mimea-kamba ya msituni iliyotoa mpira, ambayo wataalamu wanaiita Landolphia. Mpira huo haukusahauliwa katika Kongo. Katika dola ya Mfalme Léopold II, iliyodumu tangu 1885 mpaka 1908, watu walilazimishwa kuingia porini kuutafuta, na wengi waliteswa na kufa kwa ajili yake. Mfranjipani haukutafutwa kwa maziwa yake. Watu waliutaka kwa maua tu, na hiyo ilikuwa heri yake, na heri ya wale walioishi karibu nao.

Ua la kunguru

Kwao ni Amerika. Aina inayojulikana zaidi, yenye majani yaliyochongoka na maua mekundu, ya waridi au meupe, ni ya Meksiko na nchi za Amerika ya Kati, mpaka Kolombia na Venezuela. Aina nyingine, yenye majani yaliyo butu mwishoni na maua meupe, ni ya visiwa vya Antili. Huko mti ulikaa katika miteremko yenye mawe na joto, penye miezi mirefu bila mvua. Ndiyo maana hauogopi kiangazi chetu: ulifundishwa nyumbani kwao.

Watu wa Meksiko waliosema lugha ya Kinahuatl waliuita cacaloxochitl, maana yake ua la kunguru. Watu hao walipenda maua kuliko tunavyoweza kudhani. Wakubwa walishika mashada mkononi walipokaa barazani, na wageni walipewa maua kwa heshima.

Padri Diego Durán, Mdominiko aliyekulia Meksiko katika karne ya 16, ameandika habari moja inayofaa kukumbukwa. Katikati ya karne ya 15 Mfalme Moctezuma wa kwanza alitaka kuwa na bustani mahali paitwapo Huaxtepec, penye chemchemi na joto la kiasi. Aliagiza miti ya maua na mimea mingine ya nchi ya pwani, ambako jua ni kali. Mimea ililetwa na udongo wake, mizizi ikiwa imefungwa vizuri. Lakini mfalme hakuagiza mimea peke yake. Aliagiza pia wakulima wa nchi ile waje pamoja nayo, waipande kwa desturi yao. Wakulima wale walifika, wakafunga kula siku nane kwa kufuata dini yao ya zamani, wakapanda. Kabla miaka mitatu haijaisha, asema Durán, mimea ilichanua kwa wingi hata wao wenyewe wakastaajabu, kwa sababu hata kwao haikuchanua upesi namna ile.

Tunajua jina la mfalme. Tunajua jina la padri aliyeandika. Majina ya wakulima hatuyajui. Lakini ni nani aliyefanya maua yatokee? Mfalme alikuwa na akili ya kutambua kwamba mti bila mtu anayeujua ni kuni tu. Hilo ni somo la kwanza la habari hii.

Kitabu cha Tlatelolco

Mwaka 1521 Wahispania waliuteka mji mkuu wa Meksiko, na mambo mengi yakaharibika. Magonjwa mapya yaliua watu wasiohesabika. Waliokufa walikuwa pamoja na wazee waliojua miti na dawa, na elimu yao ilikuwa karibu kuzikwa pamoja nao.

Mwaka 1536 Wafransisko walifungua koleji ya Msalaba Mtakatifu huko Tlatelolco kwa vijana wenyeji. Mwaka 1552 kikaandikwa hapo kitabu cha ajabu. Mganga mwenyeji, Martín de la Cruz, alieleza dawa za watu wake kwa Kinahuatl. Mwenyeji mwingine, Juan Badiano, aliyekuwa mwalimu wa koleji ile, akazigeuza katika Kilatini. Kurasa nyingi zina picha za mimea zenye rangi, na cacaloxochitl, ua la kunguru, limo. Miongoni mwa dawa za kitabu hicho iko moja kwa ajili ya uchovu wa wale wanaotawala watu na kubeba kazi za serikali: maji yenye harufu ya maua mengi mazuri, ya kumwagia mwili. Wakubwa wa zamani walijua kwamba kutawala kunachosha. Labda wa siku hizi nao wangeihitaji.

Kitabu kilipelekwa Hispania kiwe zawadi kwa mfalme. Baadaye kilifika Roma katika maktaba ya jamaa ya Barberini, na mwaka 1902 kikaingia pamoja na maktaba hiyo katika Maktaba ya Vatikano. Kilikaa kimya mpaka mwaka 1929, wataalamu walipokigundua. Mwaka 1990 Papa Yohane Paulo II alikirudisha Meksiko. Hivi maneno ya mganga yule yalirudi nyumbani baada ya miaka zaidi ya 400.

Mfransisko mwingine, Bernardino de Sahagún, alifika Meksiko mwaka 1529, akatumia sehemu kubwa ya maisha yake kukusanya habari za wenyeji katika vitabu kumi na viwili. Kitabu cha kumi na moja kinaeleza wanyama, miti na maua. Sahagún hakufanya kazi hiyo peke yake. Aliwauliza wazee, na vijana waliosoma Tlatelolco wakaandika. Tena hakuficha majina ya wasaidizi wake wakubwa: Antonio Valeriano, Alonso Vegerano, Martín Jacobita na Pedro de San Buenaventura. Hii ni haki ambayo waandishi wengi wa zamani hawakuitenda.

Fimbo inayovuka bahari

Sasa tufuate safari. Mwaka 1565 Wahispania walianza kukaa Visiwa vya Filipino, na mwaka uleule Andrés de Urdaneta, mtawa Mwaugustino aliyekuwa baharia kabla ya kuingia utawani, aliongoza merikebu na kupata njia ya kurudi Meksiko kwa kufuata pepo za kaskazini. Tangu hapo merikebu kubwa zilisafiri kati ya Acapulco na Manila mpaka mwaka 1815. Kutoka Acapulco zilipeleka fedha, kutoka Manila zilirudisha hariri na vyombo vya China.

Safari ya kwenda Manila ilichukua karibu miezi mitatu. Mche gani utavumilia siku hizo zote, penye upepo wa chumvi, na maji ya kunywa yanapimwa kwa kikombe? Mfranjipani utavumilia. Kata tawi lake, liweke kivulini, usilipe maji: litakaa majuma mengi, na pengine litatoa ua likiwa bado halijapandwa. Tawi lililoonekana kama fimbo kavu lilivuka bahari kubwa kuliko zote.

Nani aliyelibeba? Hakuna orodha iliyotaja jina lake. Lakini neno lenyewe ni shahidi. Watu wa Filipino hata leo wanauita mti huu kalachuchi. Sema polepole: cacaloxochitl, kalachuchi. Ni neno lilelile la Kinahuatl, lililochakaa kidogo kama viatu vya msafiri. Aliyepeleka tawi alipeleka na jina, na aliyelipokea akalitunza.

Tusistaajabu sana. Sisi nasi tunasema nanasi na papai kila siku sokoni, bila kufikiri kwamba asili ya maneno hayo ni vinywa vya wenyeji wa Amerika, na kwamba yalitufikia pamoja na matunda yenyewe. Mtu akikupa mche, sikiliza na jina anakupa gani. Ndani yake mna habari za njia uliyopita.

Katika karne zilizofuata mfranjipani ulienea nchi nyingi za joto za Asia. Katika Sri Lanka maua yake yanatolewa mahekaluni na watu wa dini ya Budha. Katika Indonesia wanaupanda makaburini. Watu wa Laos wamelifanya ua la taifa lao. Siku hizi mti huo unakaa pwani ya Afrika ya Mashariki na katika Kongo kama mtu wa ukoo, hata hakuna anayeuliza tena ulifika lini.

Mtawa wa Marseille

Lakini jina la kitaalamu la mti huu si la Kinahuatl. Vitabu vinauita Plumeria, na hilo ni jina la padri.

Charles Plumier alizaliwa Marseille, nchi ya Ufaransa, mwaka 1646. Akiwa kijana wa miaka 16 aliingia shirika la Waminimi, lililoanzishwa na Mtakatifu Fransisko wa Paola. Alisoma hesabu, na alikuwa na mikono ya fundi: alichora vizuri, akajua kukereza mbao na pembe, hata mwaka 1701 akatoa kitabu kizima juu ya kazi ya kukereza. Wakubwa wake walimpeleka Roma, na huko akaanza kupenda elimu ya mimea.

Mwaka 1689 alipelekwa visiwa vya Antili pamoja na mganga Joseph Donat Surian. Alirudi huko mara mbili tena, na Mfalme Louis XIV akampa cheo cha mtaalamu wa mimea wa mfalme. Mwaka 1693 alitoa kitabu cha mimea ya Amerika, na mwaka 1703 kingine. Alipokufa aliacha picha karibu 6,000 za mimea, ndege, samaki na wanyama, alizozichora kwa mkono wake.

Tusisahau hali ya visiwa vile wakati wake. Martinique, Guadeloupe na Saint-Domingue, ambayo tangu 1804 inaitwa Haiti, zililimwa na watumwa waliotolewa Afrika. Mwaka 1685, miaka minne kabla ya Plumier kufika, mfalme alikuwa ametoa sheria za kumshika mtumwa kama mali. Baadaye wengi wa watumwa wa Saint-Domingue walitoka nchi za Kongo. Bustani za miwa na bustani za maua zilikuwa upande kwa upande, na mara nyingi mkono mmoja ulishika jembe la zote mbili.

Plumier mwenyewe ndiye aliyeeneza desturi ya kuipa mimea majina ya watu anaotaka kuwaheshimu. Begonia aliita hivyo kwa ajili ya Michel Bégon, mkubwa wa serikali aliyesaidia safari ile. Magnolia ni kwa ajili ya Pierre Magnol, Lobelia kwa ajili ya Lobel, Fuchsia kwa ajili ya Fuchs, wote wataalamu wa mimea. Hakujiwekea mti yeye mwenyewe. Ni Mfaransa mwenzake, Tournefort, aliyeuita mti wetu kwa jina lake, na mwaka 1753 Linnaeus wa Sweden akalithibitisha katika kitabu chake kikubwa.

Mwaka 1704 Plumier alijitayarisha kwa safari ya nne. Alitaka kwenda Peru kutafuta mti wa kwinini, dawa ya homa. Akiwa njiani alishikwa na ugonjwa, akafa katika mwezi wa Novemba huko Puerto de Santa María, karibu na Cádiz, Hispania. Picha zake nyingi hazikuchapwa.

Na jina franjipani? Hilo ni la jamaa ya wakubwa wa Roma, Frangipani. Husimuliwa kwamba walipata jina hilo kwa sababu babu yao aliwamegea watu mkate wakati wa njaa, maana kwa Kilatini neno hilo linafanana na kuvunja mkate. Katika karne ya 16 mmoja wao alitengeneza manukato ya kutia katika glavu za ngozi, na manukato yakaitwa kwa jina lake. Wazungu waliponusa ua la Antili walisema: "Hii ni harufu ya Frangipani." Kumbe manukato yalitangulia, na ua likaitwa baadaye.

Basi mti mmoja una majina mawili ya Ulaya, la mtawa na la mkubwa wa Roma. Je, ni vibaya? Hatusemi hivyo. Plumier alistahili heshima kwa kazi yake, na hakujitafutia sifa. Lakini mtu anayejua majina hayo mawili tu angefikiri kwamba mti ulianza siku Wazungu walipouona. Kabla ya jina la Plumier kuandikwa, Martín de la Cruz alikuwa ameuweka katika kitabu chake miaka zaidi ya 140. Na kabla ya Martín de la Cruz walikuwako wazee wake waliomfundisha. Haki ni kuwataja wote, kila mmoja mahali pake.

Je, ni mti wa makaburi?

Watu wengine wanakataa kuupanda karibu na nyumba. Wanasema ni mti wa makaburi, unaita kifo. Woga huo haupo kwetu tu. Katika Thailand watu hawakupenda kuupanda nyumbani kwa sababu jina lake la zamani lilisikika kama neno la huzuni. Walipouita lilawadi, wakaanza kuupanda hata mbele ya hoteli. Mti ni uleule. Lililobadilika ni jina.

Ukitafuta sababu ya kupandwa makaburini, utaiona kwa macho. Kaburi halina mtu wa kulimwagilia maji kila jioni. Panatakiwa mti usiokufa kwa kiu, mti unaoanza kwa tawi tu bila gharama, mti unaoangusha maua yakiwa bado mazuri, hata ardhi ya chini inapambwa. Walioupanda pale hawakuita kifo. Walitaka wafu wao wasikose maua, hata watoto wakihamia mbali. Nicaragua wamelichagua ua la mfranjipani kuwa ua la taifa, na katika visiwa vya Hawaii watu wanawavika wageni mashada yake kwa furaha. Uchungu wala furaha havimo katika mti. Sisi ndio tunaoviweka.

Namna ya kuupanda

1. Chagua mti unaochanua vizuri. Mwishoni mwa kiangazi kata tawi lililokomaa, lenye rangi ya majivu, si lile laini la kijani. Urefu wa sentimita 30 mpaka 45 unatosha. Ondoa majani kama yapo.

2. Jihadhari na maziwa yake. Yanawasha ngozi na kuumiza macho. Watoto wasiyachezee, na mtu asiyanywe. Nawa mikono baada ya kazi.

3. Usipande siku hiyohiyo. Weka tawi kivulini, mahali pakavu, juma moja au mawili, mpaka kidonda cha chini kikauke kabisa. Wasio na subira wanapanda mara moja, na tawi linaoza.

4. Chimba mahali penye jua, mbali kidogo na ukuta ili matawi yapate nafasi. Udongo uwe mwepesi. Kama ni mzito changanya mchanga na kokoto. Ingiza tawi sentimita 10 hivi, kisha lifunge kwenye kijiti lisitikiswe na upepo.

5. Hapa wengi wanakosea: wanauhurumia mti kwa maji. Tawi lisilo na mizizi haliwezi kunywa. Lowesha udongo kidogo mara moja, kisha ngoja. Majani yakitokea, ndipo uongeze maji kidogo kidogo. Mti ukiisha kushika, mvua za masika zinautosha, na kiangazi uuache upumzike.

6. Samadi iliyooza vizuri, kidogo, mwanzoni mwa mvua, inafaa. Ukizidisha utapata majani makubwa bila maua.

7. Ukiona unga wa rangi ya machungwa chini ya majani, hiyo ni kutu ya mfranjipani. Okota majani yaliyoanguka, uyachome. Ukiona tawi limekuwa laini na jeusi, likate mpaka ufike penye nyama nyeupe safi.

8. Wenye bustani bondeni, mahali ubaridi wa Juni unapokaa usiku, wapande upande wa juu wa kiwanja au karibu na nyumba. Katika mji wa Palermo, Italia, ambako mti huu unapendwa sana, akina mama wana desturi ya kuvika vichwa vya matawi maganda ya mayai wakati wa baridi. Ni dawa isiyo na gharama.

Tawi lililopandwa vizuri laweza kuchanua baada ya mwaka mmoja, au miwili, au mitatu. Mbegu zinakawia zaidi, tena mti wa mbegu haufanani sawasawa na mama yake. Lakini mti wa tawi ni mama yuleyule.

Neno hili la mwisho tulifikiri vizuri. Tawi unalolikata si mtoto wa mti; ni mti wenyewe unaoendelea mahali pengine. Mti uliokupa tawi nao ulitoka katika tawi, na lile katika jingine, nyuma na nyuma zaidi, mpaka ng'ambo ya bahari. Mnyororo huo haukukatika hata mara moja. Kama mtu mmoja tu katikati angechoka, akatupa fimbo yake jalalani, mti wa lupango lako usingekuwapo. Majina ya Moctezuma, Durán na Plumier tumeyasoma. Waliobeba fimbo walikuwa mabaharia, watumwa, mabruda wa bustani, akina mama waliombana majirani, na watoto wa shule waliotumwa na mwalimu. Historia yao imeandikwa katika mti tu.

Kwa hiyo, msomaji, usilete shoka mwezi wa Julai. Ukiwa na mti mzuri, mpe jirani tawi, umwambie na habari zake: kwamba kwao ni Meksiko, kwamba liliitwa ua la kunguru, na kwamba asilipe maji mpaka lipate majani.